Mpaka mtu abebwe ndio mkanda mweusi? Maswali yenu na majibu

Assalaam alaykum wasomaji wetu wa Unguja na Pemba na nyote mlioko mbali. Mwezi huu meseji nyingi zimegonga pahala pamoja tu, mtihani wa mkanda mweusi, nadhani kwa vile vilabu vingi vinataka kumaliza mitihani yao kabla Ramadhani haijaingia. Nimechagua nne. Ya kwanza ntakaa nayo sana maana imenigusa, na nnawaomba walimu wenzangu waisome yote hata wale watakaonikasirikia.

Mwalimu shikamoo. Mie nna miaka 22 nakaa Jang'ombe, nacheza karate ya Shotokan mwaka wa sita sasa, nna mkanda wa kahawia. Sensei wetu katangaza mtihani wa mkanda mweusi. Tunaanza baada ya sala ya alfajiri tunakimbia toka Maisara mpaka Bububu na kurudi, halafu pushapu 500, halafu tunaingia ndani kupigana na watu 30 bila kupumzika, na maji hakuna mpaka amalize kila mtu. Mwaka juzi kaka mmoja alianguka akabebwa, sensei akasema huo ndio mtihani, wao walipita hivyo hivyo. Ukiuliza unaambiwa mbona Ramadhani mnafunga kutwa na hamfi. Upande mwengine nna binamu yangu yuko kilabu chengine, kapata mkanda mweusi kwa mwaka na nusu tu, mtihani dakika 40, kalipa ada kapewa na picha, na ukimwambia afanye Heian zote tano, zile kata za mwanzo yaani miendo iliyopangwa ya ngumi na mateke, anachanganya ya tatu na ya nne. Nauliza, mtihani wa haki unatakiwa uwe mgumu kiasi gani? Naogopa kuufanya na naogopa kuonekana muoga. (Kahawia wa Jang'ombe)

Marahaba mwanangu. Kwanza nikutoe wasiwasi, muoga asingeandika haya, na laiti miaka ile yetu angetokea mmoja akauliza kama ulivyouliza wewe.

Mie mtihani wangu nliufanya Pemba, Chake, ndani ya ukumbi wa skuli, paa la bati, sakafu ya saruji, mwezi wa pili, joto limekaza na nje hata jani la mwembe halitikisiki. Tulikuwa wanane. Mwalimu wetu, mtu tuliyempenda kama baba, alisema maji mpaka mwisho. Tukaanza saa moja asubuhi. Ilipofika saa nne na nusu hivi mwenzetu mmoja, kijana mwenye nguvu kutushinda sote, alimaliza raundi yake ya kumite, yaani kupigana na mwenzake, akageuka akauinamia ukuta. Ukuta. Akasema osu kwa heshima zote kama vile kuna mtu mbele yake, akaweka mikono juu akasubiri ukuta uanze. Jasho linamtoka kama kamwagiwa ndoo kwa hivyo hakuna aliyeshtuka, mwalimu akasema mwacheni huyo anatafuta roho yake. Akapiga ngumi mbili tatu za hewa, akaanza kumwita mamaake, miguu ikamwisha nguvu. Nje chini ya ule mwembe alikuwa amekaa muuza samaki na boksi lake la barafu anasubiri gari, yeye ndie aliyepiga kelele, sisi tumesimama tu tunatazamana, akaingia na boksi zima kichwani. Tukamlaza mwenzetu kwenye karo ya nyuma ya skuli, barafu tukaivunja kwa mpini wa jembe, tukammwagia yote na maji ya kisima juu yake, changu na pono wanaelea pembeni mwa masikio yake. Daktari jioni akatwambia ile barafu ndio iliyomwokoa, tungelimpakia garini na joto lake lile asingefika. Yu hai alhamdulillahi, ana watoto, lakini dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, hakurudi tena, tukikutana tunazungumza mpira tunazungumza bei ya karafuu, karate hatuigusi. Mie mkanda nlipewa siku ile ile. Mpaka leo nikiufunga harufu inayonijia ni ya samaki.

Baadae nimekuja kusoma kwa nini ilitokea vile. Mtu anayejikaza kwenye joto, joto la mwili wake linaweza kupanda likapita nyuzi 40, na ubongo ndio unaanza kupata shida, ndio mana utamuona anasema yasiyoeleweka, anayumba, au anakuwa mkali bila sababu. Wengi wanasubiri jasho likauke ndio waseme huyu kazidiwa na joto, sivyo kabisa, aliyekuwa kwenye mazoezi anaweza akawa bado anatota jasho na huku ndani anaungua. La kufanya ni kumpoza pale pale, mzamishe kwenye maji baridi mpaka shingoni na mtu wa kumshika kichwa, kama hakuna karo basi khanga zilizoloweshwa maji ya barafu umfunike mwili mzima, zikipata moto ubadilishe, na watu wampepee. Apozwe kwanza, ndio apelekwe hospitali. Mwalimu yeyote anayetaka kufanya mtihani wa nguvu kipindi hiki cha mwaka na hana barafu pembeni, mie naona hajajitayarisha, hata akiwa na dan ngapi, yaani madaraja ya mkanda mweusi.

Hizo pushapu 500 nazo usizichukulie kirahisi. Misuli ikilazimishwa kazi kubwa ghafla ambayo haijaizoea inavunjika na kumwaga vitu vyake kwenye damu, na vitu hivyo vinakwenda kuziumiza figo. Ubaya wake haionekani siku ile. Mtu anarudi nyumbani kafurahi kapiga picha na mkanda, kesho yake au keshokutwa mikono imevimba haikunjuki, anakwenda msalani anaona mkojo rangi ya chai ya rangi. Hapo si pa kununua diklofenaki dukani ukalala, dawa za namna hiyo zinaweza kuzizidishia figo mzigo, hapo ni hospitali mbio. Kwa hivyo ukiniuliza pushapu 500 ni nyingi au kidogo ntakuuliza wewe umezoea ngapi. Kama dojo lenu kila wiki mnapiga 300 na mmepanda kidogo kidogo kwa miezi, basi 500 ni jambo la kulijadili. Kama kawaida yenu ni 50 na siku ya mtihani ndio zinaruka kuwa 500, hiyo ni ajali iliyopangiwa tarehe.

Na liko la kwetu khasa, selimundu. Siwazungumzii wagonjwa wenyewe maana wao wanajijua, nazungumzia mtu aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, mzima kabisa, hajawahi kuumwa, wala hajui kama amebeba, na huku kwetu wako wengi. Mtu huyu anaweza kucheza karate miaka yote bila tatizo, lakini ukimkutanisha na joto, ukosefu wa maji na mbio za kujikamua bila kupumzika anaweza akaanguka, na wako wachezaji waliokufa hivyo duniani. Kipimo chake ni cha damu tu. Asifukuzwe mtu kwa jambo hili, ila mwalimu ajue, na mtu huyo apewe nafasi ya kupumua kila anapohitaji na asiambiwe mvivu.

Hili la Ramadhani limeniuma kusikia likitumiwa hivyo. Aliyefunga hakuamrishwa akimbie Maisara Bububu kisha apigane na watu 30. Na dini yenyewe imempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kula akalipa siku nyengine, sasa sensei nani awe mkali kuliko hapo? Tunaofanya mazoezi mwezi wa Ramadhani tunafanya baada ya tarawehe na maji tele, au kabla ya futari kidogo tu kwa kujinyoosha. Funga isitumiwe kumnyima mtu maji.

Sasa kuhusu ugumu wenyewe. Hebu turudi mkanda huu ulikotoka. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882, alikuwa mwalimu wa skuli kazi yake, na mwaka 1883 ndio alipowapa wanafunzi wake wawili dan ya kwanza, huo mkanda mweusi wenyewe wa kuwatambulisha wenye dan ulikuja miaka mitatu hivi baadae. Na mpango wa madaraja ya dan hakuutoa kwenye vita, kautoa kwenye Go, mchezo uliotoka China wanaoupenda Wajapani, wa kukaa na kete, kama sisi na bao. Mie hili nlipolijua nlikaa kimya muda. Kwani fundi wa bao huku kwetu anajulikana vipi? Hakuna aliyemfungia maji. Watu wamemuona barazani leo, kesho, mwaka huu na mwaka ujao, wamemuona anavyocheza akiwa juu na anavyocheza akiwa kabanwa kete zote zimemwisha, ikifika siku ya kuitwa fundi hakuna anayeshangaa. Karate ikaiga kwa judo, Funakoshi, baba wa Shotokan, akatoa dan zake za mwanzo mwaka 1924, na neno lenyewe shodan maana yake dan ya mwanzo. Ya mwanzo tu. Ni mtu aliyejua kusoma, sasa ndio anapewa kitabu.

Watu wanapenda kunitajia Kyokushin, karate ya kupigana kweli kweli, na ile kumite ya watu mia ya mwanzilishi wake Oyama. Kweli ipo, mia moja, raundi ya dakika moja na nusu au mbili, na waliomaliza ni wachache sana na wako waliotoka hapo wakalazwa. Lakini ule haukuwa mtihani wa mtu wa kahawia anaetaka mweusi, ni jambo la mabingwa waliojitayarisha kwa hilo tu, wamekaa nalo muda mrefu. Kulichukua jambo la bingwa ukamtwika kijana anaeuza duka Darajani kutwa na kuja dojo jioni mara tatu kwa wiki, hapo unampima kitu ambacho hukumfundisha.

Kwa hivyo jibu langu ni hili, mtihani uwe mgumu kama yalivyokuwa magumu mazoezi ya miaka iliyoutangulia, na usizidi sana hapo. Ugumu ukae kwenye miaka. Siku ya mtihani ni ya kuonyesha. Na isiwe rahisi pia, nisieleweke vibaya, mie mtihani wangu unachukua saa mbili na nusu na watu wanatoka wamelowa, na kila mara yuko anaerudi nyumbani na kahawia yake. Tunaanza saa kumi na moja kasoro jioni jua likianza kulegea. Nusu saa ya kihon, ngumi na mateke na vizuizi, hapo natazama nyonga na kisigino tu, ngumi ya mtu aliyejifunza inatoka sakafuni. Kisha kata mbili, moja kaichagua mwenyewe, nyengine tunampa sisi katika zile tano za Heian ambazo kila mtu anadhani ni za watoto. Kisha kumite, watu sita au wanane, dakika mbili mbili, kinga ya meno na glavu, anapumzika dakika anakunywa maji, na anaepigwa kichwani akapepesuka au akasahau yuko wapi basi siku ile kwake imekwisha na hakuna wa kumlaumu. Halafu akishachoka kweli kweli, pumzi inapanda na kushuka, nnamwambia haya rudia ile Heian.

Hapo ndipo nnapoona. Mwaka mmoja kijana wa watu alikuwa anafanya Heian Godan mara ya pili, kachoka mpaka vidole vinatetemeka, inafika ile pahala pa kuruka ushuke umekunja miguu imepishana na mikono imekingama chini, nikasema huyu hapa ataanguka. Akaruka chini kuliko mara ya kwanza, mwili hauna kitu, lakini kashuka pale pale, mguu wa nyuma umeshika nyuma ya wa mbele sawasawa, mgongo umenyooka, na macho yake hayakushuka sakafuni hata mara moja. Akakaa. Nikahesabu mpaka mbili. Hakutikisika. Wallahi nlitaka kusimama. Sikuhitaji kumuona anapiga pushapu hata moja baada ya pale, ule mguu umeshanambia kila kitu kuhusu miaka yake mitano.

Mwisho nampa mtoto wa mkanda mweupe, namwambia mfundishe dakika kumi kizuizi cha chini. Wako mabingwa waliofeli hapo. Mtu anapiga kelele, anamvuta mtoto mkono, hajui kumuonyesha mara ya pili kwa njia nyengine. Nawarudisha.

Binamu yako sasa. Usimcheke. Yeye amedhulumiwa sawa na yule kaka aliyebebwa, amechukuliwa pesa akapewa kitu ambacho siku atakayokihitaji hatokuta kitu ndani yake, na pengine atasimama mbele ya mwenye kisu akiamini anaweza. Kwa mtu anaekuja mara tatu kwa wiki mie sijaona mwaka na nusu ukatosha, miaka minne mitano ndio nnaanza kumtazama, na huko kwenye jiujitsu ya Brazil kawaida inafika kama kumi na hata mashirikisho yao makubwa hayampi mtu mkanda mweusi kabla hajafika umri wa miaka 19. Ada ya mtihani ilipwe kwa kukaa mtihani, na anayefeli alipe sawa na anayefaulu, na watahini wawili wawe wa kilabu chengine ambao hawali chochote kwa wewe kufaulu. Kama kwao hakuna aliyewahi kufeli, basi hapo hakuna mtihani.

Na wewe ufanye nini. Nenda kwa sensei wako peke yako, sio mbele ya wenzako, ikiwezekana na mtu mzima anayemheshimu, umwambie mwalimu nataka kufanya mtihani wako na nnaomba mambo matatu, maji yawepo, barafu iwepo, na kuwe na mtu wa afya aliyeruhusiwa kusimamisha. Usimwambie punguza. Mwalimu mwenye mapenzi atakasirika siku moja kisha atafikiri, walimu wengi wanaofanya hivi wanarudisha walichofanyiwa tu na hakuna aliyewahi kuwaambia. Akikataa kabisa hayo matatu, mie nakwambia usikae mtihani ule. Miaka yako sita haiwezi kufutwa na mtu, yako mwilini, kuna madojo mengine Unguja hapa hapa. Na huyo kaka aliyebebwa mtafuteni mumuulize kama alipimwa damu na figo baada ya pale, kama hakupimwa aende.

Assalaam alaykum mwalimu. Mwanangu ana miaka tisa na nusu tuko Wete, anacheza taekwondo na anaipenda sana. Mwalimu wao anasema yuko tayari kwa mkanda mweusi na atafanya mtihani mmoja na wakubwa, kuvunja mbao kumo na kupigana kumo. Babaake kafurahi, mie moyo unakataa. Nakosea? (Mama wa mtoto)

Waalaykum salaam. Hukosei mama. Huko Seoul kwenyewe, Kukkiwon, ambako ndio makao ya taekwondo tokea 1972, mtoto chini ya miaka 15 hapewi dan, anapewa kitu kinaitwa poom, na mkanda wake unakuwa nusu mwekundu nusu mweusi. Walioanzisha mchezo wenyewe wameona kuna tofauti, na mwalimu wenu nina hakika anaijua hiyo poom, muulize kwa upole kwa nini asitumie hiyo. Mtoto atafurahi vile vile na akifika umri atabadilisha.

Kuvunja mbao kwa ngumi kwa umri huu sitaki kabisa kusikia. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na maungio, ndipo inapokulia, ikiumia hapo mkono unaweza kukua vibaya, na hutoliona leo. Kupigana apigane na mwenye umri na uzito wake, kofia ya kinga kichwani, kifuani kavaa, dakika moja moja, na mateke ya kichwa yasiwepo. Mtihani wa saa moja unamtosha. Mpime poomsae zake, ndio kata za taekwondo, mateke yake, nidhamu yake, mpe na swali moja, mwenzako akidondoka utafanya nini. Babaake mwambie furaha yake ni ya haki, mtoto kweli kajitahidi, ila mkanda wa wakubwa unamsubiri na hauendi popote.

Mimi ni mtu mzima wa Mwanakwerekwe, miaka 54, nlianza karate nikiwa na 46 baada ya kuambiwa nna sukari. Nna kahawia. Goti la kulia limechoka. Mwalimu wangu kijana anataka kunipa mtihani mwepesi, vijana wananong'ona kuwa napendelewa. Bora niache? (Mzee wa kahawia)

Usiache kaka yangu. Funakoshi alipotoka Okinawa kwenda kuionyesha karate Tokyo mwaka 1922 alikuwa na miaka 53, karate tuliyonayo sote kutoka kwake ilianza kuenea akiwa na umri kama wako.

Mwalimu wako nia yake njema lakini neno lepesi silipendi, na wewe pia nahisi limekukera ndio mana umeandika. Kinachobadilika ni njia, kiwango kinabaki pale pale. Kata ifanye kwa msimamo wa juu kidogo kuliokoa goti, lakini nyonga, macho, wakati wa kupumua na wakati wa kukaza, hapo usisamehewe hata kidogo, dai zaidi kuliko wanavyodaiwa vijana maana wewe huna kisingizio cha haraka. Kumite usishindane nao kwa mbio. Fanya ile ya kutajiwa shambulio, kijana aseme ngumi ya uso aje kwa nguvu zake zote, wewe usubiri, usubiri tena, uondoke nusu hatua na umrudishie kabla mguu wake haujatua. Vijana wakiliona hilo kwa macho yao minong'ono itaisha, mie nimeyaona yakiisha hivyo.

Sukari, pima kabla hujaanza na katikati. Kama unatumia sindano au vidonge vya kushusha, zungumza na daktari wako wiki kabla kuhusu kipimo cha siku ile, usijiamulie. Weka tende na chai ya sukari ukutani pale na mwambie mtahini mmoja, akikuona unatetemeka, jasho baridi, maneno yanakuponyoka, akusimamishe akupe. Viatu vya kutembelea viwe vizuri maana miguu yako ndio amana, ukimaliza kagua vidole na nyayo, saruji ya dojo zetu inachubua na mwenye sukari anaweza asisikie.

Mambo mwalimu, mie msichana wa Mkoani miaka 19. Nimefeli mtihani wa mkanda mweusi, mtaa mzima unajua. Nimeambiwa tu "kata yako haina uhai". Sijui hata nirekebishe nini. Mtihani mwengine miezi sita. (Niliyefeli)

Pole mwanangu, na pole zaidi kwa kuambiwa neno ambalo haliwezi kufanyiwa mazoezi. Hiyo nayo ni sehemu ya mtihani mbovu, mtu akifelishwa ana haki ya kujua ni hatua ipi. Mwandikie mtahini meseji ya adabu, mwalimu nnaomba unitajie pahala patatu kwenye kata yangu palipokuvunja moyo. Patatu, wala si kumi. Hatokukatalia.

Ukisubiri jibu, mwambie dada au rafiki akurekodi kwa simu kwa upande, usisimamiwe mbele, halafu itazame bila sauti. Mara nyingi kata ya kuitwa haina uhai ni kata ya mwendo mmoja, kila hatua ina urefu sawa na kila ngumi ina nguvu sawa, kama mtu anaesoma barua bila kupumua kwenye nukta. Tafuta zile pahala mbili za kukaa kimya ndani ya kata yako uzikae kweli, na zile hatua tatu za kufuatana ziende kama moja. Fanya polepole kama uko ndani ya maji mara tano, kisha ya kawaida mara moja, kila siku, basi. Mtaa waache, miezi sita mtaa utakuwa na habari nyengine.

Na siku ikifika uniandikie, nataka kujua kata ya pili walikupa ipi.